Mkataba wa Ghirlandaio wa 1485: mchoraji alipata faida wapi?

Kalamu na Rula

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa hesabu. Vitabu vingi vikifika kwenye sanaa ya Italia ya karne ya 15 vinasema tu kwamba matajiri wa benki na wa vitambaa waliwafadhili wachoraji, kisha vinaendelea na uzuri wa picha. Upande wa fundi unarukwa.

Nina masharti ya mkataba wa tarehe 23 Oktoba 1485 kati ya Domenico Ghirlandaio na mkuu wa Innocenti, nyumba ya kulelea watoto waliotupwa pale Florence. Kazi ni picha ya altareni, Mamajusi wakimsujudia Mtoto Yesu. Bei ni florini kubwa 115. Florini naijua, ni sarafu ya dhahabu ya gramu tatu na nusu hivi. Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba mchoraji anatakiwa anunue rangi na dhahabu kwa pesa yake, na kazi ikiisha mteja ana haki ya kupunguza bei akiona haifiki thamani. Sasa fundi alibaki na nini? Na kwa nini mkataba unataja bei ya rangi ya buluu kwa wakia, kama mtu anayeagiza zafarani? Mwenye kuijua habari hii vizuri anifafanulie, na tarakimu ziwepo.

Hesabu Kavu

Mkuu, anza na jinsi pesa ilivyotoka, maana hapo ndipo fundi anapona au anazama. Mkataba unasema florini 3 kila mwezi kuanzia tarehe 1 Novemba 1485, na picha ikabidhiwe ndani ya miezi 30. Piga hesabu: 3 mara 30 ni 90. Kwa ratiba hiyo florini 25, zaidi kidogo ya moja ya tano ya bei, zinabaki kwa mteja mpaka siku ya mwisho. Hiyo ndiyo dhamana yake. Juu yake kuna faini ya florini 15 picha ikichelewa. Mteja naye amefungwa: akikatisha malipo ya mwezi, picha ikikamilika atalipa salio lote kwa mkupuo.

Pili, tazama nani kanunua nini. Ubao mteja alikuwa ameshautengenezesha, lakini mkataba unamtaka Domenico aulipie. Watu wengi wanalipita jambo hili haraka, nami naona linaibana hesabu ya Ghirlandaio. Ubao wa altare ni mbao nene za mpopla zilizoungwa na kuimarishwa kwa mihimili nyuma, kazi ya seremala mzoefu, na ukija kupinda au kupasuka hasara yake ni kubwa. Gharama hiyo ilimwangukia mchoraji. Juu yake alibeba rangi, dhahabu ya unga ya mapambo, na gharama nyingine yoyote ya uchoraji.

Kwa hiyo hii ni kazi ya bei moja ya jumla: kila florini anayookoa kwenye vifaa inabaki mfukoni mwake. Mteja analijua hilo fika. Ndiyo maana anaandika kwamba buluu iwe ultramarini, ile ya ghali itokanayo na jiwe la lapisi lazuli, ya thamani ya florini 4 hivi kwa wakia. Hakuandika wakia ngapi. Ameandika daraja la ubora ili fundi asije akamwekea ya rahisi.

Kifungu cha kupunguza bei kinatisha ukikisoma peke yake, lakini watu wa biashara hii walikizoea. Mteja aliita mafundi wengine waitazame kazi na kuikadiria. Mwaka 1433 chama cha wafanyabiashara wa kitani cha Florence kilikubaliana na Fra Angelico florini 190, au pungufu kadiri dhamiri yake itakavyomwelekeza. Yule alikuwa mtawa, basi wakamwachia dhamiri. Ghirlandaio alikuwa mwenye karakana, mteja akajiwekea mizani mwenyewe.

Tarakimu za ndani za mkataba huu hatuna, lakini mwaka huohuo wa 1485 tunazo za mchoraji Botticelli, kwa picha ya altareni aliyomfanyia Giovanni Bardi kanisani Santo Spirito. Malipo yameandikwa hivi: florini 2 za buluu, florini 38 za dhahabu na maandalizi ya ubao, florini 35 za "brashi yake". Jumla 75. Yaani karibu nusu ya pesa ni ya mkono wa fundi, na imeandikwa waziwazi hivyo. Giuliano da Sangallo alilipwa peke yake kwa fremu, florini 24 na kitu, ingawa hizo zina mbao ndani yake. Hapo unaona mpangilio wa thamani ulivyokuwa.

Rangi na Gundi

Swali la buluu na zafarani lina jibu zuri kuliko unavyodhani. Wachoraji wa Florence walikuwa wanachama wa chama kimoja na waganga na wauza dawa na viungo, kwa sababu rangi ziliuzwa madukani humohumo. Kwa hiyo mtu aliagiza buluu kwa wakia pale alipoagizia zafarani.

Sasa kwa nini ilikuwa ghali. Jiwe lenyewe, lapisi lazuli, lilitoka migodi ya Badakhshan, Afghanistan ya leo, likapita mikono mingi hadi Venice. Lakini gharama haikuishia kwenye usafiri. Ukilisaga jiwe hilo ukalitumia hivyohivyo unapata unga wa kijivu usio na uhai, kwa sababu ndani yake mna chokaa nyeupe na chembechembe za madini ya chuma. Inabidi buluu itolewe peke yake. Mchoraji Cennino Cennini, aliyeandika kitabu cha ufundi karibu mwaka 1400, ameacha kipimo:

Kwa ratili moja ya unga wa jiwe uliosagwa laini na kuchekechwa, wakia 6 za utomvu wa msonobari, wakia 3 za mastiki (utomvu wa mti mwingine), na wakia 3 za nta mpya. Unaviyeyusha pamoja kwenye chungu kipya, unavichuja kwa kitambaa cha kitani, unachanganya na unga mpaka upate donge. Mikono unaipaka mafuta ya kitani, la sivyo donge linang'ang'ania. Unalikaa nalo siku tatu mchana na usiku kwa uchache, ukilikanda kila siku. Baada ya hapo unaliweka kwenye bakuli lenye maji ya majivu ya uvuguvugu na kulikandamiza kwa vijiti viwili, kimoja kila mkono. Maji yakishakuwa buluu kabisa unayamimina bakuli la pembeni, unatia mengine, unaanza upya. Nta na utomvu vinashika takataka, buluu inatoka na maji. Kila bakuli unaliacha litue, unamwaga maji, unakausha unga.

Mavuno mawili ya kwanza ndiyo mali. Cennini anasema yana thamani ya dukati 8 kwa wakia (dukati ni sarafu ya dhahabu inayokaribiana na florini). Ya mwisho yamefifia, anayaita majivu. Kwa hiyo jiwe moja linatoa madaraja kadhaa ya rangi kwa bei tofauti, zote zikiitwa kwa jina lilelile dukani. Mteja aliyeandika "ultramarini" tu bila bei alikuwa amejitakia. Mkuu wa Innocenti alikuwa makini. Florence kwenyewe watawa wa Gesuati, konventi ya San Giusto alle Mura, walijulikana kwa kutengeneza ultramarini nzuri, na mteja mwenye wasiwasi angeweza kuelekeza inunuliwe huko.

Udanganyifu wa kawaida ulikuwa azuriti, jiwe la buluu la shaba, ambalo lilipatikana Ulaya kwa bei ndogo sana. Kipimo chake: weka chembe kidogo kwenye chuma cha moto. Azuriti inageuka nyeusi, ultramarini inabaki buluu. Azuriti pia ina tabia zake mbaya. Ukiisaga sana inapauka, kwa hiyo inabidi iachwe na chembe nene zinazosumbua brashi. Ikipata unyevu ukutani inageuka kijani, na makanisa mengi yana anga za kijani leo kwa sababu hiyo.

Si kila matumizi ya azuriti ni wizi, lakini. Fundi mzuri alitandaza azuriti chini ya joho la Bikira Maria, kisha juu yake akapitisha ultramarini tabaka jembamba. Rangi inasimama vizuri na ultramarini inayokwenda ni kidogo. Kama mkataba umetaja daraja bila kutaja kiasi, kama huu wako, njia hiyo iko wazi kabisa.

Kwenye dhahabu mchezo ulikuwa unene. Cennini anaonya kwamba wapigaji dhahabu walikuwa wakitoa karatasi za dhahabu 145 kutoka dukati moja, na anashauri ununue zisizozidi 100 kwa dukati kwa maeneo mapana yatakayosuguliwa. Karatasi nyembamba zifaa kwenye pindo na mapambo ya kubandika. Ukiweka nyembamba kwenye eneo pana, ukianza kusugua kwa jiwe laini udongo mwekundu wa chini unachungulia, na hakuna dawa ila kuongeza karatasi nyingine. Madini ya fedha yalikuwa rahisi zaidi lakini yanageuka meusi. Bati lililopakwa vanishi ya manjano linafanana na dhahabu ukiwa mbali, na lilitumika sana kwenye kuta.

Karakana ya Mtaa

Nyongeza. Wenzangu wameeleza kuokoa vifaa, lakini kwa maoni yangu faida kubwa haikuwa pale. Ilikuwa kwenye kugawanya kazi na kurudia michoro.

Tarehe 1 Septemba 1485 Ghirlandaio alishakubaliana na Giovanni Tornabuoni kuchora kapela kuu ya Santa Maria Novella kwa florini 1,100. Haikufika miezi miwili akatia saini mkataba wa Innocenti. Kapela ile, kuta ndefu hadi juu, hakuna mtu mmoja wa kuimaliza huku anachora altare. Alikuwa na ndugu zake Davide na Benedetto, shemeji yake Sebastiano Mainardi, na wanagenzi. Picha ndogo za chini za altare ya Innocenti alipewa Bartolomeo di Giovanni. Wakati huohuo mkataba unasema Domenico apake rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Wanagenzi walilipwaje? Aprili 1488 baba yake Michelangelo alimweka kijana wake kwa Ghirlandaio miaka mitatu kwa jumla ya florini 24: mwaka wa kwanza 6, wa pili 8, wa tatu 10. Linganisha na florini 35 za brashi ya Botticelli kwa picha moja. Mtoto wa miaka 13 mwanzoni anasaga rangi na kuandaa gundi, lakini mwaka wa tatu ameshaanza kujaza mikunjo ya nguo na mandhari. Tofauti kati ya anacholipwa na kinachotozwa kwa mteja ni ya mwenye karakana.

Kurudia kulikuwa hivi. Mchoro wa ukubwa kamili unachorwa kwenye karatasi zilizounganishwa, mistari inatobolewa kwa sindano, karatasi inawekwa juu ya ubao au lipu mbichi, kisha unapigapiga kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa. Vitone vinabaki, unaunganisha. Ukiipindua karatasi, malaika wa kulia anakuwa wa kushoto. Ugumu ni kwamba karatasi iliyogusa lipu mbichi inalowa na kuraruka, na matundu yakizibwa na mkaa mstari unapotea. Kwa hiyo unatoboa karatasi mbili zikiwa pamoja, ya chini unaipeleka ukutani, ya juu unaihifadhi kwa mteja ajaye.

Mchoraji Perugino aliishi kwa njia hii na akawa tajiri. Alipomaliza altare ya kanisa la Annunziata, Florence, mwaka 1507, mafundi wa mji walimshambulia kwa sababu watu wale walishaonekana kwenye kazi zake nyingine. Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji, anaeleza kwamba Perugino alijibu: mliwasifu zamani, leo hamuwataki, nifanyeje? Mimi namwelewa. Mteja wa Perugia, ambaye picha yake iko Lyon leo, hakupata hasara yoyote watu wake waliporudiwa Florence. Ila Florence soko lilikuwa limeshabadilika, pesa ilikuwa inakwenda kwa ubunifu, na yeye bado aliuza unadhifu.

Chini kabisa ya soko kulikuwa na kina Della Robbia, familia ya wachongaji wa Florence, na udongo wao wenye mng'ao mweupe na buluu. Kalibu moja, Bikira na Mtoto wengi. Mgongo unachimbwa uwe na uvungu, maana udongo mnene unapasuka tanuruni. Kazi kubwa zilikatwa vipande, zikachomwa, zikaungwa kwa lipu palepale kanisani.

Kalamu na Rula

Nawashukuru sana, hesabu sasa inasomeka. Nina maswali mawili ya kumalizia. Kama mteja alitaka mkono wa fundi mkuu na si wa vijana wake, alijilindaje? Na je, kulikuwa na wachoraji waliotengeneza bila oda, wakapeleka sokoni kama wauza vitambaa?

Hesabu Kavu

La kwanza: alijilinda kwa maneno, na maneno hayakutosha. Mkataba wa Piero della Francesca wa 1445 kule Borgo San Sepolcro, florini 150, unasema hakuna mchoraji mwingine atakayeshika brashi isipokuwa Piero, na muda ni miaka mitatu. Kazi ilichukua miaka mingi zaidi ya hiyo, na picha ndogo za chini ni za mkono mwingine.

Mfano wa mteja mkali kupita wote ni Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantua. Januari 1503 alimwandikia Perugino mkataba wa dukati 100 kwa picha ya vita vya Upendo na Usafi. Kila mungu na kila mti umeelezwa, ruhusa ipo ya kupunguza watu wadogo lakini si kuongeza chochote chake, na akapelekewa uzi wa kuonyesha kimo cha mtu wa mbele. Ilitakiwa iishe Juni mwaka huohuo. Ilifika Juni 1505. Isabella akalipa, akaandika kwamba ingemalizwa kwa uangalifu zaidi ingempa Perugino heshima zaidi, na kwamba alitamani ingekuwa ya rangi za mafuta, ambazo ndizo Perugino alizisifikia. Uzi ulikuwepo, uangalifu wa mkono haukupimika.

Soko la Chapa

La pili linahitaji uondoke Italia uende Antwerp na Nuremberg.

Antwerp, mwaka 1460, kanisa la Mama Yetu lilifungua ua wa maduka ulioitwa Pand, likawapangisha wachoraji, wachongaji na wauza vitabu vibanda wakati wa maonesho ya biashara. Kanisa likala kodi, mafundi wakauza kazi iliyokwisha tayari. Mnunuzi wa kigeni hakumjua fundi, kwa hiyo chama cha mafundi kikaweka alama ya moto kwenye mbao: mkono, nembo ya Antwerp. Altare za kuchonga zilitengenezwa kwa vipande vya kufanana, Mateso hapa, Kuzaliwa kule, zikapakiwa melini. Mwaka 1540 soko la picha la kudumu lilifunguliwa juu ya jengo la soko la fedha. Fundi wa namna hii anapata hatari ambayo Ghirlandaio hakuwa nayo: anatumia mtaji wake wote kabla ya kumwona mteja. Kwa hiyo anachora kinachouzika, na anachora upesi.

Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg, ndiye aliyeiweka hesabu hii wazi kuliko wote. Alimchorea Jakob Heller, mfanyabiashara wa Frankfurt, altare kwa bei ya mapatano ya florini 130 za Rhine (sarafu ya Ujerumani), akavutana naye mpaka 200. Agosti 1509 alimwandikia kwamba picha za kawaida angeweza kutoa rundo kwa mwaka mmoja, lakini kazi ya uangalifu namna hii hailipi. Atarudi kwenye kuchonga chapa, yaani picha za kuchapwa kwenye karatasi, na kama angefanya hivyo tangu mwanzo angekuwa tajiri zaidi kwa florini 1,000. Ultramarini iliyomtafuna ilikuwa ghali kweli: Antwerp mwaka 1521 wakia moja nzuri ilimgharimu dukati 12.

Chapa haihitaji buluu. Inahitaji bamba la shaba au ubao wa mti mgumu, wino na karatasi. Mwaka 1498 alichapisha mwenyewe kitabu cha Ufunuo, picha 15 za ubao, akawa mchoraji na mchapishaji kwa pamoja. Mwaka uliotangulia alishaajiri wakala wa kuuza chapa zake mji kwa mji, na mkewe Agnes alizipeleka maonesho ya Frankfurt. Bamba la shaba linachoka: mistari myembamba inakwenda kwanza, giza linapauka, na aliyenunua karatasi za mwisho anapata kivuli. Ubao unavumilia zaidi lakini kingo nyembamba zinavunjika.

Tatizo kubwa lilikuwa wanakili. Wachapishaji wa vitabu waliliona hilo pia: Aldus Manutius wa Venice alianza vitabu vyake vidogo vya mkononi mwaka 1501, na mara moja Lyon wakaviiga. Machi 1503 alitoa tangazo lenye orodha ya makosa yao, karatasi inayonuka, herufi zisizoungana, hakuna jina wala mji wala mwaka. Walyon wakaitumia orodha ile kusahihisha matoleo yao.

Dürer alipata ulinzi wa Kaisari Maximilian, akautangaza kwenye matoleo ya 1511. Januari 1512 baraza la Nuremberg lilimshika mgeni aliyekuwa akiuza karatasi zenye alama ya Dürer, A kubwa yenye D chini yake, akiwa ameighushi. Uamuzi ulikuwa kwamba azifute alama zote, na akikataa karatasi zake zitaifishwe. Picha zenyewe hawakumkataza kuziuza.